Vinara wa Kemia: Ndogo, Ndefu, Kali na Zilizojaa Chumvi Kupindukia

Kemia ina ligi yake, na wachezaji wengi hawaonekani kwa macho. Hapa kuna wanaoongoza msimamo. Bonde letu la Ufa limepeleka timu, na halirudi mikono mitupu.

1. Molekuli ndogo kuliko zote

Mshindi ni haidrojeni: atomu mbili, basi. Kutoka kiini cha moja hadi kiini cha nyingine ni nanomita 0.074, na nanomita moja ni milimita iliyokatwa vipande milioni. Chukua molekuli 60,000, moja kwa kila kiti cha Uwanja wa Benjamin Mkapa, zipange mstari mmoja. Mstari wote hautavuka unene wa unywele!

2. Umati mkubwa, wapweke wachache

Tone moja la maji, la mililita 0.05, lina molekuli karibu bilioni bilioni 1,670. Zigawe sawa kwa kila binadamu aliye hai, na mtoto aliyezaliwa leo asubuhi atapata bilioni 200 zake.

Kinachonistaajabisha zaidi ni uchache uliojificha katika wingi huo. Katika maji safi yenye nyuzijoto 25, ni molekuli moja tu katika kila milioni 555 inayochangia ioni ya haidrojeni kwa wakati wowote. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Jaza Tanzania tisa, kisha mtafute mtu mmoja. Huyo ndiye ioni ya haidrojeni, na kila mmoja wa aina yake ana mwenzake wa haidroksidi wa kumsawazisha. Kwa hiyo maji safi si asidi wala besi.

3. Molekuli ndefu uliyobeba mwilini

Kromosomu namba 1 ya binadamu ni molekuli moja ya DNA yenye jozi za herufi karibu milioni 248. Ni Tanzania nne kwenye foleni moja! Ukiinyoosha inafika sentimita 8.5 hivi, lakini unene wake ni nanomita 2 tu. Ikuze hadi iwe nene kama kamba ya sentimita 2, na urefu wake utakuwa kilomita 850: basi linaloondoka Dar es Salaam alfajiri litaifuata kamba hiyo mpaka Mbeya. Na karibu kila seli yako yenye kiini inayo, imekunjwa ndani ya kiini hicho kisichoonekana bila hadubini.

4. Ioni yenye mbio kuliko zote majini

Ukitia umeme kwenye maji yenye chumvi na asidi, ioni zinaanza mbio. Ya sodiamu inajikokota ikiwa imezungukwa na molekuli za maji. Ya haidrojeni inaiacha kwa takriban mara saba. Kama ya haidrojeni ni treni ya SGR kwa kasi yake ya juu ya kilomita 160 kwa saa, ya sodiamu ni baiskeli.

Siri ni kwamba haisafiri kwa miguu yake. Molekuli ya maji inapokea haidrojeni upande mmoja na kuachia nyingine upande wa pili, jirani anapokea, naye anaachia. Ni mbio za kupokezana vijiti: kijiti kinafika mwisho wa uwanja, wakimbiaji wamesogea kidogo tu. Theodor Grotthuss alilipendekeza wazo la namna hii mwaka 1806, wakati fomula ya maji, H2O, ilikuwa bado haijajulikana.

Asidi na besi zinapokutana, mbio hizo hutoa mmenyuko ulio kati ya ile ya kasi zaidi inayojulikana ndani ya maji. Kwa muda mrefu ilidhaniwa haupimiki. Manfred Eigen, Mjerumani, akaupima, na mwaka 1967 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Ronald Norrish na George Porter.

5. Maji yenye chumvi nyingi kuliko yote

Medali inakwenda Ethiopia! Katika joto la Danakil kuna kidimbwi cha Gaet'ale. Kila kilo ya maji yake ina gramu 433 za chumvi. Bahari ya Hindi ina gramu 35 hivi, kwa hiyo Gaet'ale imeizidi mara 12. Hata Bahari ya Chumvi, yenye sifa zote hizo vitabuni, inabaki nyuma na gramu zake 340.

Chumvi ya mezani isingeweza rekodi hii. Maji ya kawaida yakishabeba gramu 264 katika kilo ya mmumunyo yamekifu, na punje inayofuata inatulia chini. Gaet'ale imejaa kloridi ya kalsiamu na ya magnesiamu, ambazo ioni zake huyashika maji kwa nguvu zaidi, ndiyo maana zinayeyuka kwa wingi kiasi hicho.

6. Besi kali na lava baridi

Tanzania inaingia uwanjani. Kipimo cha pH, alichokibuni Søren Sørensen huko Copenhagen mwaka 1909, kinapanda kwa makumi: kila hatua moja ni mara kumi. Maji safi yako 7. Ziwa Natron hufika 10.5, maana yake ioni zake za haidroksidi ni zaidi ya mara 3,000 ya zile za maji safi. Hayo ni magadi yaleyale tunayotia kwenye maharage na kunde, ila hapa ni ziwa zima lisilo na mto wa kutokea, likikaushwa na jua mwaka hadi mwaka. Heroe wadogo, ndege ambao wengi huwaita flamingo, wamelifanya kuwa mahali pao pakuu pa kuzaliana Afrika Mashariki. Adui gani atawafuata huko?

Jirani yake ndiye bingwa asiye na mpinzani. Oldoinyo Lengai ni volkano hai pekee inayojulikana duniani kutoa lava ya kaboneti, yenye sodiamu na potasiamu tele. Lava hiyo hutiririka kwa nyuzijoto 500 hadi 600, takriban nusu ya joto la lava ya kawaida. Inatoka nyeusi, inakutana na unyevu, inageuka nyeupe.

7. Maji ya asidi kali kuliko yote yaliyopimwa ardhini

Limau lina pH ya 2 hivi. Ndani ya mgodi wa Richmond, katika mlima Iron Mountain huko California, yamepimwa maji yenye pH ya -3.6. Chini ya sifuri! Kwa hesabu ya kipimo hicho, hayo yamelizidi limau karibu mara 400,000. Hewa, maji na bakteria vilishambulia madini ya chuma na salfa yaliyoachwa wazi na uchimbaji, ikazaliwa asidi ya salfuriki. Joto la nyuzi 47 likayakausha maji, asidi ikabaki imekolea.

8. Asidi kali kuliko zote chupani

Changanya floridi ya haidrojeni na floridi ya antimoni, upate asidi inayoizidi asidi tupu ya salfuriki si chini ya mara bilioni moja. pH haiwezi tena kuipima. Inakula kioo, hivyo huhifadhiwa katika Teflon. Ndugu yake wa karibu, katika maabara ya George Olah mwaka 1966, aliyeyusha mshumaa, kitu ambacho asidi za kawaida hazikigusi. Olah alipata Nobel mwaka 1994.

9. Kali kupita zote, na kongwe kupita zote

Ioni ya heliamu na haidrojeni inashika rekodi mbili peke yake. Heliamu haipendi kushikana na chochote, kwa hiyo ioni hii humsukumia haidrojeni yake karibu yeyote inayekutana naye. Hakuna chupa ya kuitunza. Ilitengenezwa maabara mwaka 1925; mwaka 2019 ikatangazwa kuonekana angani, katika wingu la NGC 7027, umbali wa miaka ya nuru 3,000 hivi, kwa darubini ya SOFIA iliyobebwa na ndege ya Boeing 747. Wanaastronomia wanaihesabu kuwa molekuli ya kwanza ulimwenguni. Dunia yetu ilipozaliwa, miaka bilioni 4.5 iliyopita, aina hiyo ya molekuli ilikuwa na zaidi ya bilioni 9 tayari.

10. Mmumunyo mwepesi kuliko wote, na pua inaujua

Harufu ya mvua ya kwanza juu ya vumbi hutokana kwa sehemu kubwa na molekuli ya geosmini, inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Binadamu anaweza kuitambua katika maji kwa nanogramu 10 hivi kwa lita. Piga hesabu: geosmini yenye uzito wa dawa iliyo katika kidonge kimoja cha panado, miligramu 500, inatosha kunukisha lita milioni 50, yaani maboza 5,000 ya lita 10,000 kila moja!