Si kila aliyeinamia simu anacheza

Wazazi wengi wa huku kwetu wakimwona kijana ameinamia simu usiku, husema anapoteza wakati. Mara nyingi wanasema kweli. Lakini mimi nimekaa na vijana wa Kidato cha Nne mtaani kwetu Kisauni, nikatazama wanavyodurusu kwa WhatsApp.

Kundi lao lina watu saba wa shule tatu. Wa bweni hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hivyo huonekana likizoni tu. Wa kutwa ndio wanaoliendesha. Baada ya Isha mmoja hutuma picha ya swali, tuseme la isimujamii, karatasi ya pili ya Kiswahili. Sharti lao ni kwamba huulizi jibu kabla hujatuma jaribio lako, hata likiwa bovu. Kisha aliyeelewa hueleza kwa sauti. Hesabu hufanywa daftarini hatua kwa hatua, ikapigwa picha. Kwa maoni yangu anayefaidika zaidi ni yule anayeeleza, maana huwezi kumfahamisha mwenzio usichokifahamu. Sisi tuliosoma chuoni kwa maalim twalijua hili: mwanafunzi wa mbele alimsikiliza wa nyuma.

Binti mmoja kati yao hana simu. Hutumia ya mamake, saa mbili hadi saa tatu usiku, na wateja wa mahamri wakipiga, darsa husimama. Mama alikaribia kumkataza kwa maneno ya majirani. Nilimwomba akae naye usiku mmoja asikilize mwenyewe. Alikaa, na hajamkataza.

Makundi makubwa ni habari nyingine. WhatsApp huruhusu hadi watu 1,024 katika kundi moja, na humo swali la Kemia huzikwa na stika na salamu za Ijumaa. Tena nambari ya binti yako huonekana na wote, hata asiowajua. Hilo lanitia wasiwasi kuliko bei ya bando.

Msimu wa KCSE nao huleta matapeli wa Telegram wanaouza karatasi eti zimevuja. Kijana hutuma pesa kwa M-Pesa, kisha anafungiwa. Na ikitokea karatasi ni ya kweli, balaa ni kubwa zaidi: kuwa nayo ni kosa la jinai, na matokeo yaweza kufutwa. Wale saba wameshakubaliana: atakayeleta karatasi ya namna hiyo anatolewa kundini usiku huo huo.