Jua kundi lako la damu, kisha lifanyie kazi

Katika wodi ya wazazi, suala la kundi la damu mara nyingi huja mwishoni, muda wa kulifikiria ukiwa umekwisha. Mama amejifungua, mtoto analia vizuri, lakini damu haikatiki. Muuguzi anatoka mlangoni: “Ndugu wa mgonjwa mko wapi? Nani anajua grupu lake?” Mume anamtazama dada yake. Dada anamtazama mama mkwe. Mama mkwe anakaza khanga kiunoni na kusema yuko tayari kutolewa, ila hajawahi kupimwa. Korido imejaa watu wazima wenye afya, na hakuna hata mmoja anayejua damu yake ni ya kundi gani.

Kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya uzazi nchini. Mama anayevuja damu anaweza kufariki ndani ya saa mbili.

Kwa Simiyu jambo hili lina uzito wa pekee. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.1. Wengi wanaishi vijijini, huko Itilima, Meatu, Maswa, Busega na Bariadi yenyewe, wakilima pamba na kufuga. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Nyaumata, na ya mji wa Bariadi iko Somanda. Lakini kituo cha damu salama cha kanda kiko Mwanza, na Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, iko hukohuko. Gari la kutoka Bariadi lazima lishuke hadi Lamadi, lipite Magu, ndipo liingie jijini. Kwa mgonjwa anayevuja damu, safari hiyo ni ndefu mno.

Tone moja, duara nne

Siku hizi mtu anaweza kulijua kundi lake akiwa nyumbani. Kujipima si jambo geni tena kwetu. Kipimo cha mimba kinanunuliwa dukani bila maswali, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 yaliruhusu Mtanzania ajipime VVU mwenyewe. Kipimo cha kundi la damu kimefuata njia hiyo. Kinachojulikana zaidi ni kadi iliyobuniwa na daktari wa Denmark, Knud Eldon, na nyingine za aina yake zinauzwa mtandaoni.

Ndani ya pakiti mna kadi ngumu yenye duara nne, kisindano cha kutobolea kidole, pamba yenye spiriti na vijiti vinne vya plastiki. Kila duara imepakwa dawa iliyokaushwa. Ya kwanza ina kingamwili dhidi ya A, ya pili dhidi ya B, ya tatu dhidi ya D, yaani Rh, na ya nne haina kingamwili, imewekwa kwa ajili ya kuhakiki. Unadondosha tone la maji katika kila duara, unatoboa kidole, unachota damu kwa kijiti na kuisambaza, kijiti kimoja kwa duara moja. Kisha unaiinamisha kadi kila upande kwa sekunde chache.

Hapo ndipo jibu linapojitokeza. Mahali ambapo kingamwili imekutana na inachokitafuta, damu inavunjika vipunje vipunje, kama maziwa yaliyokatika. Mahali ambapo haikukuta kitu, inabaki laini na nyekundu sawasawa. Vipunje kwenye A na D ni A chanya. Vipunje kwenye D peke yake ni O chanya. Duara ya nne ikitoa vipunje, kipimo chote kimeharibika. Kadi hiyo itupwe.

Elimu iliyo nyuma ya kadi hii ina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1901, Karl Landsteiner wa Vienna alieleza kwa nini damu ya mtu mmoja humsaidia huyu na kumuua yule, akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Tarehe yake ya kuzaliwa, Juni 14, ndiyo Siku ya Wachangia Damu Duniani. Mfumo wa Rh ulikuja kujulikana mwaka 1940.

Hapa kwetu kundi O ndilo lenye watu wengi na AB ndilo adimu. Malaria ina mkono wake katika hilo. Chembe za O zilizoingiwa na vimelea hazishikani sana na nyingine ndani ya mishipa midogo, hivyo wenye O wana nafuu fulani dhidi ya malaria kali. Rh hasi, ambayo kwa watu wa asili ya Ulaya ni kama 15 kati ya 100, huku kwetu ni nadra.

Kadi haiingii chumba cha upasuaji

Mwenye kadi yake asidhani kwamba akifika hospitali ataonyesha tu na kuwekewa damu. Hakuna maabara inayofuata utaratibu itakayomwongezea mgonjwa damu kwa kuamini majibu ya nyumbani. Watachukua sampuli upya. Watapima chembe kama kadi ilivyofanya, kisha watageuza kipimo na kupima majimaji ya damu dhidi ya chembe za A na B zinazojulikana. Majibu ya pande zote mbili lazima yakubaliane. Halafu damu ya chupa italinganishwa na ya mgonjwa kuona kama zinaelewana. Kadi ya nyumbani inafanya hatua ya kwanza peke yake.

Makosa nayo ni rahisi kutokea. Damu ikiwa kidogo, kadi ikiwa imekaa kwenye joto na unyevu au imepita muda wake, jibu linapotoka. Kuna watu ambao alama yao ya D ni dhaifu kiasi kwamba kadi inaweza isiione. Mtoto mchanga hafai kupimwa hivi, kwa sababu alama zake za A na B bado hazijakomaa.

La usalama lizingatiwe kuliko yote. Kisindano kimoja ni cha mtu mmoja, hata mkiwa baba na mwana. Homa ya ini aina ya B na VVU haviulizi undugu. Kikishatumika kiwekwe kwenye chombo kigumu chenye mfuniko na kipelekwe zahanati, kisitupwe jalalani wanakochezea watoto.

Mama mwenye Rh hasi

Kuna kundi moja la watu ambao kwao jibu hili lisisubiri: wanawake wanaotarajia kuzaa. Mama mwenye Rh hasi akibeba mtoto mwenye Rh chanya, damu ya mtoto inaweza kuingia kwake wakati wa kujifungua, na mwili wake ukajifunza kuipiga vita. Mtoto wa kwanza mara nyingi hasumbuki. Anayefuata ndiye anayeshambuliwa akiwa tumboni, akazaliwa na upungufu mkubwa wa damu na manjano, au asizaliwe hai.

Sindano ya kinga dhidi ya D, ikichomwa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua au mimba kuharibika, huzuia balaa hilo. Ni dawa ya gharama na si kila kituo kinayo, ndiyo maana inahitaji kutafutwa mapema. Mama aulize kundi lake na Rh yake katika hudhurio la kwanza la kliniki, na ahakikishe vimeandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Baba naye aijue kadi hiyo.

Hapa ndipo ilipo chembe ya ukweli katika msemo kwamba mume na mke “damu zao haziendani.” Tofauti ya A, B na O haizuii mimba kutunga. Tatizo ni Rh, na tatizo hilo lina kinga. Ndoa isivunjwe kwa jambo ambalo sindano moja inalimaliza.

Mtoto si wa kuhukumiwa kwa kadi

Kadi hizi zikiingia majumbani zitaleta na jaribu lingine. Baba ana A, mama ana B, mtoto ametoka O, na maneno yanaanza. Ukweli ni kwamba wazazi wenye A na B wanaweza kumpata mtoto wa kundi lolote kati ya yote manne, maana kila mmoja anaweza kuwa amebeba O iliyojificha. Kundi la damu linaweza kutia shaka katika hali chache, kama baba wa AB kuwa na mtoto wa O, lakini hata hapo kosa la kipimo huja kwanza akilini mwa mtaalamu. Na likilingana halithibitishi chochote, kwa kuwa mamilioni ya wanaume wana kundi hilohilo.

Hata mahakama ziliwahi kujikwaa hapa. Katika miaka ya 1940 huko Marekani, mwigizaji Charlie Chaplin alishtakiwa kuwa baba wa mtoto. Yeye alikuwa O, mama A, mtoto B. Kwa makundi hayo hangeweza kuwa baba. Baraza la mahakama likaamua kuwa ndiye. Kwetu, suala la ubaba lina njia yake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009, na kazi hiyo hufanywa na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kadi ya mezani isimvue mtoto jina la baba yake.

Kile ambacho kadi haikisemi

Kuna kipimo ambacho kijana wa Simiyu anakihitaji kabla ya ndoa pengine kuliko hiki, na wengi wanavichanganya. Kujua kuwa wewe ni O chanya hakukuambii kama umebeba kirithi cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyekulia Kenya, alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford akikusanya damu za makabila ya Kenya ili kuchunguza makundi yake. Alipopima na selimundu akaona kitu cha ajabu: karibu na pwani na Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kati ya 100 walikuwa wamebeba kirithi hicho, huku nyanda za juu wasifike hata mmoja. Aliporudi na kupima watu wengi zaidi Kenya, Uganda na Tanganyika, akaonyesha mwaka 1954 kwamba kirithi kimoja hukinga dhidi ya malaria, na viwili huleta ugonjwa.

Ramani hiyo haijafutika. Utafiti wa Bugando uliochapishwa mwaka 2018, uliopima zaidi ya watoto 17,000 wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, ulikuta kama mtoto mmoja kati ya watano amebeba kirithi hicho, na zaidi ya mmoja kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe. Wawili waliobeba wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Watoto hao, pamoja na wale wanaoishiwa damu kwa malaria, ndio wanaomaliza chupa za damu za Kanda ya Ziwa.

Njia bora ya kulijua

Kwa hiyo atakayenunua kadi asilaumiwe. Kutaka kujua ni mwanzo mwema. Lakini ipo njia iliyo bora zaidi, nayo haina gharama: changia damu. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004, hupima kila chupa kundi lake, VVU, homa ya ini B na C, na kaswende, na mchangiaji hupewa majibu yake. Masharti hayatishi: umri kuanzia miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wingi wa damu wa kutosha. Mwanamume anaweza kurudi kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne.

Damu nyingi hutoka kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Shule zikifungwa Juni na Desemba, majokofu hukauka, na damu nzima haikai zaidi ya siku 35. Watu wazima wa Simiyu tunaweza kuziba pengo hilo. Juni ni msimu wa mavuno, ngoma za Kisukuma za Wagika na Wagalu zinakusanya vijiji, na wakulima wanapanga foleni kwenye vituo vya vyama vya ushirika (AMCOS). Agosti viwanja vya Nyakabindi, vilivyobeba Nanenane ya kitaifa mwaka 2018, 2019 na 2020, hujaa watu. Kitanda cha kuchangia damu kiwekwe huko, na kwenye minada.

Shirika la Afya Duniani hushauri nchi kukusanya walau chupa moja kwa kila watu 100 kwa mwaka. Kwa Simiyu hizo ni kama chupa 21,400. Zigawe kwa halmashauri zetu sita, zigawe tena kwa wiki 52: zinabaki karibu chupa 70 kwa wiki kwa kila halmashauri. Watu sabini hawakosekani kwenye mnada mmoja. Tukiwapata, kila mmoja ataondoka akilijua kundi lake, na muuguzi wa zamu atakuwa na kitu cha kutoa kwenye jokofu.