Jinsi Mishipi ya Judo Ipatikanavyo

Judo ni mchezo wa mieleka uliotungwa na Bwana Jigoro Kano, mwalimu wa Kijapani, aliyefungua chuo chake kiitwacho Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882. Wachezaji wake hujifunga mishipi ya rangi mbalimbali. Rangi hizo si pambo, bali ni alama ya elimu ya mchezaji.

Daraja zake ni za namna mbili. Za wanafunzi huitwa kyu, na hesabu yake hushuka, hata mwenye kyu ya kwanza ndiye mkubwa wa wanafunzi. Za pili huitwa dan, na hesabu yake hupanda. Katika nchi nyingi za Ulaya mtu mzima huanza na mshipi mweupe. Kisha hupata wa manjano, wa rangi ya machungwa, wa kijani, wa buluu na wa kahawia, ndipo afikapo kwenye mweusi. Huko Kodokan mtu mzima huvaa mweupe mpaka apate wa kahawia.

Atakaye kupandishwa huenda mbele ya watahini. Hutakiwa kuonyesha namna ya kuanguka pasipo kuumia, ya kumwangusha mwenziwe na ya kumbana chini. Tena hupimwa kwa kushindana. Kwa kawaida mwenye kutaka dan hutahiniwa pia katika kata, yaani mifano ya mchezo ifanywayo na watu wawili kwa taratibu maalum.

Wengi hudhani kwamba mshipi mweusi ndio mwisho wa elimu. Sivyo: dan ya kwanza ni hatua ya kuanza tu. Mshipi mweusi ni wa dan ya kwanza hata ya tano. Wa sita hata wa nane huweza kuvaa mwekundu na mweupe. Wa tisa na wa kumi, mwekundu.

Lakini daraja hazina heshima zisipotolewa kwa haki. Bibi Keiko Fukuda, aliyefundishwa na Bwana Kano mwenyewe, alipata dan ya tano mwaka 1953, akazuiliwa hapo miaka 19, kwa sababu kanuni haikuruhusu mwanamke kupita daraja hiyo. Watu wakaandika barua kuipinga, na mwaka 1972 akapewa ya sita. Mwaka 2006 Kodokan ilimpa ya tisa, naye amekwisha kupita umri wa miaka 90. Muda wote huo aliendelea kufundisha, kwani kanuni iliweza kumnyima mshipi, lakini haikuweza kumnyima elimu.