Petari za Bonane

Bonane inakaribia na petari zimeanza kuonekana sokoni. Katika miji yetu ya mashariki, wakubwa wa mji hukataza mara kwa mara kuziuza na kuzilipua, kwa sababu mlio wake ni kama wa masasi. Sisi tuliokimbia na watoto mgongoni tunaujua: petari moja usiku, watoto wote wako chini ya kitanda.

Wenzetu wengine wanaziuza kando ya karanga. Tunawaelewa, shule inadai. Lakini askari akizikamata, mtaji umekwenda.

Mtoto akiungua mkono, tuumwagilie maji safi ya baridi dakika 20, kisha twende kituo cha afya. Dawa ya meno tusipake.