Maneno ya Kuwakumbuka Askari Waliokufa Vitani: Kutoka Karagwe hadi Kaboya

Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi lugha ilivyotumika kuwakumbuka watu waliopigana na kufa vitani katika nchi iliyo kando ya mto Kagera. Mfano wangu mkuu ni vita vya 1978 na 1979 baina ya Tanzania na serikali ya Idi Amin wa Uganda. Nitaanza, hata hivyo, na desturi iliyotangulia vita hivyo, kwani mtu wa Rubwera au wa Murongo aliyeyashuhudia mambo ya 1978 alikuwa amekwisha kurithi namna nyingine ya kusema habari za vita kabla hajalisikia neno la Kiswahili *shujaa*.

Rubwera iko katika Kyerwa, wilaya iliyokatwa kutoka Karagwe mwaka wa 2012. Wenyeji wake husema Kinyambo, lugha iliyo jamaa wa karibu wa Kihaya na Kinyankole. Karagwe ilikuwa na wafalme wake. Rumanyika ndiye aliyempokea msafiri Speke mwaka wa 1861. Katika nchi hizi zote palikuwa na fani ya majigambo iitwayo *ebyebugo*, ambayo kwa upande wa Ankole H. F. Morris aliikusanya na kuieleza katika kitabu chake cha 1964. Mpiganaji alisimama mbele ya watu akajitaja kwa majina ya sifa aliyojipa mwenyewe, na kwa kila jina akataja tendo, mahali, na wenzake waliokuwapo.

Jambo linalotuhusu sisi wachunguzi wa lugha ni nafsi ya usemi huo. Majigambo husemwa katika nafsi ya kwanza umoja: mimi niliyefanya hivi, mahali fulani, pamoja na fulani. Msemaji ndiye shahidi wa matendo yake, na wasikilizaji, ambao baadhi yao walikuwapo, waliweza kumkanusha akipita kiasi. Rafiki aliyekufa alikumbukwa kwa kutajwa ndani ya maneno ya aliyebaki hai. Basi kumbukumbu ya vita haikuwa jiwe wala siku katika mwaka. Ilikuwa kinywani mwa mtu, nayo ilikuwa na majina.

Vita vya 1914–1918 vilileta namna ya pili. Katika mwaka wa 1927 ilizinduliwa Dar es Salaam sanamu ya askari wa Kiafrika aliyeelekeza bunduki yake mbele, mahali ambapo zamani ilisimama sanamu ya Mjerumani Wissmann. Maandishi yake, yanayosemekana kuwa ni ya Rudyard Kipling, yanawataja askari, kisha wapagazi, ambao yanawafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Na mwisho yanamwahidi yule anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Ahadi hiyo imeandikwa juu ya nguzo isiyo na jina la mtu hata mmoja. Hapa wafu wamekuwa nafsi ya tatu wingi, *wao*, nao hutambulikana kwa kazi zao tu. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wakiwa wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa.

Wapagazi hao wameachiwa neno moja, nalo ni *Kariakoo*. Limetokana na jina la Kiingereza la kikosi chao, likachukua umbo la Kiswahili, likabaki kuwa jina la mtaa Dar es Salaam na sokoni. Ni ukumbusho unaotajwa kila siku na maelfu ya watu, ila maana yake imefichika. Jina la mahali huweza kuhifadhi sauti ya jambo kwa miaka mia na zaidi bila kuhifadhi habari yake.

Sasa tufike vita vya Kagera. Mwisho wa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia katika nchi iliyo kaskazini ya mto, na baada ya siku chache daraja la Kyaka likavunjwa. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya mwanzo wa Novemba ilijengwa juu ya majina matatu ya kawaida, *uwezo*, *sababu* na *nia*, na kila moja aliliunganisha na nafsi ya kwanza wingi. Vita vikawa vyetu sisi, na walioitwa kwenda vitani hawakuwa wanajeshi peke yao bali na *mgambo* pia. Adui naye alipewa jina: *nduli*, neno la Kiswahili la tangu zamani lenye maana ya mwuaji asiye na huruma, ambalo tangu wakati huo ni vigumu kulisikia bila ya kumkumbuka Amin. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Wanajeshi wa Tanzania waliitwa na Waganda *abakomboozi*, neno ambalo Kiluganda kililichukua katika Kiswahili *mkombozi*. Na katika mwaka huo huo Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera, hata mkoa mzima ukawa ukumbusho wa vita. Tukikumbuka yaliyolipata neno *Kariakoo*, hatuna budi kujiuliza kama kijana wa leo anayeandika *Kagera* juu ya bahasha hufikiri lolote zaidi ya anwani.

Wanajeshi zaidi ya 600 waliokufa katika vita hivyo wana makaburi yao Kaboya, katika wilaya ya Muleba. Ifahamike kwamba kwa Wahaya na Wanyambo mtu huzikwa nyumbani, katika *kibanja* chake, chini ya migomba, ili jamaa zake wapite karibu naye kila siku. Waliozikwa Kaboya walitoka pande nyingi za nchi, nao wamezikwa mbali na kwao. Taifa ndilo lililochukua nafasi ya jamaa, na neno lililotumiwa kuwaunganisha wote ni *mashujaa*.

Neno *shujaa* asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni mtu asiyeogopa. Ni sifa ya mtu mmoja mmoja; hupatikana kwa tendo, na anayeipata aweza kuwa hai. *Askari* nalo, ambalo kwa Kiarabu lahusu jeshi, limeenea katika Kiswahili hata kumhusu polisi na mlinzi wa mlangoni, kwa hiyo halikufaa tena kuwaheshimu wafu peke yao. *Shahidi*, ambalo lingeweza kufaa, lina maana mbili, ya atoaye ushahidi na ya afaye kwa ajili ya imani. Maana hii ya pili imefungamana na dini, kama katika usemi *mashahidi wa Uganda*. Ndipo *shujaa* likachukua kazi mpya. Katika usemi *Siku ya Mashujaa*, ambayo Tanzania huiadhimisha tarehe 25 Julai, neno halitaji tena tabia ya mtu. Limekuwa cheo wanachopewa wote waliokufa kwa ajili ya nchi, awe alikufa akishambulia, au kwa ajali ya gari, au kwa maradhi.

Usemi mwingine uliozoeleka ni *kujitoa mhanga*. Mhanga ni kile kitolewacho kafara, na kwa miaka mingi usemi huu ulikuwa wa heshima tupu. Lakini siku hizi magazeti na redio huutumia pia kwa mtu ajilipuaye kwa bomu katikati ya raia. Maneno yale yale sasa humsifu askari wa Kaboya na kumtaja mwuaji. Yafaa wataalamu walizingatie jambo hili, kwani usemi wa heshima ukichafuka hausafishwi kwa amri. Hapana budi kutafuta mwingine, au kuutumia kwa uangalifu.

Katika maadhimisho ya Siku ya Mashujaa Rais huweka mkuki na ngao penye mnara. Hakuna aliyepigana na Amin kwa mkuki. Silaha hizi ni lugha pia: zinawaunganisha wafu wa bunduki na wafu wa enzi za ebyebugo. Ila kitu kimoja cha enzi hizo hakikuja pamoja na mkuki, nacho ni ile nafsi ya kwanza. Sherehe husema *wao*, hotuba husema *sisi*, na *mimi* haisikiki.

Upungufu huu hauwezi kuondolewa na mnara wala na maneno mazuri zaidi. Tunao utenzi wa Henry Muhanika juu ya vita hivi, uliotolewa mwaka wa 1981, lakini mtunzi wa utenzi husimulia habari za wengine. Mpiganaji aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1978 alizaliwa mwaka 1958, naye sasa ni mzee. Katika Kyerwa, Karagwe na Missenyi wako pia waliobeba watoto na kuvuka mto wakikimbia, na waliowaona vijana wa mgambo wakiondoka bila kurudi. Habari zao wanazo kwa Kinyambo na Kihaya, kwa maneno ambayo hayamo katika kamusi zetu. Zikiandikwa sasa, katika lugha zilezile wanazozisimulia na pamoja na tafsiri ya Kiswahili, na majina ya waliokufa yakitajwa na wale waliowajua, neno *mashujaa* litakuwa na watu ndani yake. Zisipoandikwa, litabaki kama *Kariakoo*: neno linalotamkwa na kila mtu, lisilomkumbusha mtu yeyote.