Kinywa Kiwakacho Pasipo Kidonda

Aghalabu mwenye maradhi ya kinywa kuwaka ni mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi, na akija kutoka Ngarenaro hapa Arusha au kwingineko, maelezo yake hayatofautiani sana: alfajiri kinywa ni shwari, chai huinywa bila taabu, adhuhuri ncha ya ulimi na midomo huanza kuwasha, na magharibi inapoingia huwa kana kwamba ameunguzwa na uji wa moto, na uchungu mfano wa chuma umemjaa kinywani. Ajabu ni kwamba wengi hupata nafuu wakiwa wanakula. Tabibu huushika ulimi kwa shashi, akaumulika juu, chini na kando, asione kidonda wala utando. Kisha, na jambo hili hunikera, humwambia hana kitu, au humwandikia tena dawa ya fangasi.

Anacho kitu. Kinywa kikiwaka kila siku kwa zaidi ya saa 2, na hali hiyo ikapita miezi 3 pasipo sababu nyingine, hayo ni maradhi yatambulikanayo na matabibu duniani kote. Na mwaka 2005 wataalamu wa Italia, walipotazama kwa hadubini vipande vidogo vya ndimi za wagonjwa, waliona nyuzi nyembamba za neva zimepungua. Neva iliyodhurika ni mfano wa mpiga mbiu atangazaye moto ilhali hakuna nyumba iunguayo.

Kwetu chini ya Mlima Meru, maji hulaumiwa kwa kila kisa cha kinywa. Hakika floridi ndiyo iliyotia kahawia meno ya watu wetu, na Ngurdoto kuna kituo kinachotafiti namna ya kuipunguza majini. Lakini madoa hayo huingia jino lingali likiumbika utotoni, wala hayaelezi ulimi wa mtu mzima uwakao. Heri tushuku kwanza upungufu wa chuma au vitamini B12, kisukari, hitilafu ya tezi ya shingo, fangasi za kweli, meno ya bandia yasiyokaa sawa, na baadhi ya dawa za presha, kama enalaprili.

Yote hayo yakikosekana, dawa ya kuyang'oa maradhi haya haijapatikana, ila ya kuyapunguza ipo: baadhi ya wagonjwa hupewa kidonge cha klonazepamu wakimung'unye dakika 3, kisha wateme, nacho hakitumiwi ila kwa amri ya daktari, maana huleta usingizi na uraibu. Nyumbani, kipande cha barafu au bigijii isiyo na sukari husaidia. Pilipili, achari, ukwaju na dawa ya meno yenye mnanaa mkali huchochea.

Wengi hukesha wakihofia saratani. Haya si saratani, wala hayageuki kuwa saratani. Kidonda kisichopona baada ya wiki 2, hicho ndicho cha kuharakisha nacho hospitali. Nawe uendapo hospitali ya Mount Meru au kituo cha afya kilicho karibu, chukua dawa zako zote na maboksi yake umwoneshe tabibu, na ya presha usiiache kwa shauri lako mwenyewe.