Mgodi Hupimwa kwa Watoto wa Mbwamwitu

Katika milima ya Barroso, kaskazini mwa Ureno, kampuni ya Savannah Resources inataka kuchimba lithiamu, madini ya betri za magari ya umeme. Mei 2023 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo iliuridhia mradi kwa masharti, na mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ukauingiza katika orodha ya miradi yake ya kimkakati. Milima hiyo ni makazi ya mbwamwitu wa Iberia. Huyu si yule wa Selous, Tanzania, mwenye mabaka na masikio ya duara, bali ni ndugu wa karibu wa mbwa wa nyumbani. Ureno nzima inakadiriwa kuwa na 300 hivi, na sheria inawalinda tangu 1988.

Mgodi utawadhuru kiasi gani? Njia nyepesi ya kujibu ni kutandaza ramani. Eneo la mgodi halifiki kilomita 6 za mraba, ilhali kundi moja huzunguka kilomita za mraba 100 na zaidi. Ukipiga hesabu unapata asilimia chache tu, kisha unaandika kwamba athari ni ndogo. Hesabu hiyo mimi siiamini. Kwa kawaida ni jike mmoja tu anayezaa katika kundi, mara moja kwa mwaka, kwenye Mei au Juni, na watoto hufichwa palipo na vichaka vinene, maji ya karibu na watu wa mbali. Mahali pa namna hiyo si pengi. Mgodi ukiangukia hapo, umeligusa kundi lote.

Kwa hiyo cha kuhesabu ni uzazi. Watafiti huokota vinyesi na kupima vinasaba, hutega kamera kwenye mapito, na usiku, mwishoni mwa kiangazi, husimama mlimani wakaiga mlio wa mbwamwitu, wakingoja vijisauti vyembamba vya watoto viwaitikie. (Wapo wanaolipwa mshahara kwa kubweka gizani.) Lakini kundi linaweza kukosa watoto mwaka fulani hata pasipo mgodi. Ndiyo maana zinahitajika takwimu za miaka kadhaa kabla ya kazi kuanza, pamoja na za makundi mengine ambayo mgodi hautayafikia. Ukianza kupima wakati mitambo ya kuchoronga miamba imeshafika, huna tena cha kulinganishia.

Ureno ilikwishayaona haya kwenye mitambo ya umeme wa upepo: makundi yalielekea kuhamisha sehemu za kuzalia mbali na minara. Mnara wenyewe hauna meno, lakini huja na barabara, na barabara huleta magari na watu wenye bunduki mahali palipokuwa hapafikiki. Mgodi unaongeza baruti na malori. Halafu mgodi mwingine wa lithiamu, wa Romano huko Montalegre, nao uliridhiwa 2023, na mto Tâmega umejengewa mabwawa ya umeme. Kila ripoti ikitazama mradi wake peke yake, zote zinaweza kusema kweli na mbwamwitu bado akaisha.

Kinachosahaulika zaidi ni mbuzi. Kulungu na nguruwe pori wapo, ila mbwamwitu wa eneo hili hutegemea sana mifugo, inayolishwa kwenye malisho ya pamoja ya vijiji. Mfumo huo wa kilimo na ufugaji ulitambuliwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2018. Malisho yakimegwa, mfugaji atauza mbuzi. Mbwamwitu mwenye njaa atawaandama waliobaki, na uvumilivu wa mwenye mifugo, ambao hata sasa si mwingi, utakwisha. Mtathmini asiyeingia zizini ameifanya nusu ya kazi.

Kama ningeandika masharti mimi, ulipuaji ungesimama kuanzia Mei hadi Septemba karibu na sehemu za kuzalia, barabara mpya zingefungwa kwa mageti, na kikomo kingetajwa mapema kwa tarakimu: misimu miwili mfululizo bila watoto, uchimbaji unasimama hadi sababu ijulikane.